Namna ya Kupunguza Woga na Kubadili Mazoea kwa Mbinu Zilizofanyiwa Utafiti

Kwa muda wa miaka miwili niliishi Kigamboni, jijini Dar es Salaam, na kufanya kazi upande wa mjini bila kupanda pantoni hata mara moja. Kila asubuhi nilizunguka kwa daladala kupitia Daraja la Nyerere, nikatokea Kurasini, nikakaa kwenye foleni, na siku za mvua nilifika kazini nikiwa nimechelewa na nimechoka, ilhali majirani zangu walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Magogoni kwa dakika chache na kwa nauli ya shilingi 200. Sababu niliijua. Nilipokuwa na umri wa miaka 14, mtumbwi niliokuwa nimepanda pamoja na binamu zangu ulipinduliwa na wimbi, na ingawa wote tulitoka salama, tangu siku hiyo kila chombo cha majini kiligeuka machoni pangu kuwa mtumbwi ule ule. Wahenga waliosema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka waliliona jambo hili zamani sana, kabla wanasaikolojia hawajalipima katika maabara.

Mimi ni mwalimu, na shuleni kwetu ndimi ninayeshughulikia malezi na unasihi. Mbinu nitakazozieleza hapa nilizisoma kwanza kwa ajili ya wanafunzi, kisha nikazitumia mwenyewe. Zinamfaa mtu ambaye woga wa jambo fulani, uwe wa lifti, wa mbwa, wa sindano, wa kusimama mbele ya watu au wa kuvuka maji, umeanza kumpangia maisha. Na zinamfaa pia mtu ambaye zoea fulani, kama kuperuzi simu usiku kucha, kung'ata kucha au kubeti, limemshinda ijapokuwa amekwisha kuapa mara nyingi kuliacha. Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi, kwa sababu kinachoyashikilia ni kitu kimoja.

Kitu hicho ni nafuu ya muda mfupi. Mwaka 1947 mwanasaikolojia wa Marekani O. Hobart Mowrer alieleza kwamba woga hujengeka kwa hatua mbili: kwanza mtu hujifunza kukihusisha kitu na maumivu au hatari, kisha hujifunza kukikwepa, na kila anapokikwepa hupata ahueni inayomfanya akikwepe tena. Nilipoufikiria mwili wangu mwenyewe ndani ya daladala niliona jinsi maelezo hayo yalivyo ya kweli. Kila gari lilipokata kona kuelekea darajani, kifua kililegea na pumzi ikashuka, na ahueni ile ndiyo iliyokuwa ujira niliolipwa kwa kutovuka. Mwenye kubeti hulipwa ujira wa namna hiyo hiyo pale uchovu au upweke unapomtoka kwa dakika chache wakati anaandaa mkeka, yaani orodha ya mechi anazozitabiri. Kwa hiyo ukitaka kubadilika, usianze kwa kujilaumu kwamba wewe ni mwoga au huna msimamo. Anza kwa kuuliza ni nafuu gani unayolipwa, saa ngapi, na mahali gani.

Jambo jingine linalopasa kufahamika mapema linahusu kauli tuliyoizoea kwamba tabia ni ngozi. Kauli hiyo ina ukweli wa nusu. Mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Pavlov aliwafundisha mbwa kudondokwa na mate wasikiapo mlio uliotangulia chakula; mlio ulipoendelea kusikika bila chakula kuletwa, mate yalipungua hadi yakakoma, lakini baada ya mapumziko yalijitokeza tena kidogo mlio uliposikika. Funzo la zamani halikuwa limefutika, bali funzo jipya lilikuwa limewekwa juu yake. Utafiti mwingi uliofuata umethibitisha jambo hilo kwa binadamu na kwa wanyama. Usitarajie, basi, kwamba siku moja utaamka ukiwa huna hata chembe ya woga wa zamani. Kazi yako ni kulifanya funzo jipya liwe na nguvu zaidi kuliko la zamani, na hilo linawezekana katika umri wowote.

Anza na daftari

Kwa wiki moja usibadili chochote. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kila mara woga au zoea linapotokea andika saa, mahali, kilichotangulia, ulichofanya, na ulichopata papo hapo baada ya kukifanya. Maneno yawe machache. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi: "Jumatano, saa 12 na robo asubuhi, kituoni. Konda anaita abiria wa Feri, kwenye pantoni. Tumbo limekaza. Nimepanda gari la darajani. Nafuu kabla hata ya kukaa kitini."

Watu wengi huiruka hatua hii kwa kudhani kwamba wanajijua. Mimi pia nilidhani kwamba ninaogopa maji. Daftari lilinionyesha kwamba woga wangu ulikuwa unaanza kituoni, kwa sauti ya konda, nikiwa nchi kavu, na kwamba kilichonitisha zaidi ya maji ni fikira ya kushindwa kutoka mahali palipojaa watu. Bila kulijua hilo ningefanya mazoezi ya kitu kisicho chenyewe. Zaidi ya hayo, watafiti wameona mara nyingi kwamba kitendo cha kujifuatilia kwa maandishi peke yake hupunguza tabia kwa kiasi fulani, kwa sababu kinarudisha ufahamu mahali ambapo mkono ulikuwa unatenda bila kuulizwa.

Wakati huo usijaribu kujizuia kufikiri. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasifikirie dubu mweupe kwa dakika tano; wanafunzi walimfikiria tena na tena, na baadaye walipopewa ruhusa walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Kujiambia "nisiogope, nisiogope" ni kumwita dubu. Acha fikira ije, iandike, uendelee na shughuli zako.

Ngazi ya woga

Mwaka 1920 wanasaikolojia John B. Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake kila alipomgusa panya huyo, na woga ule ukaenea hadi kwa sungura na vitu vingine vyenye manyoya. Mtoto yule aliondoka bila kutibiwa, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili ya utafiti. Aliyeligeuza suala hilo kuwa la manufaa ni Mary Cover Jones. Katika taarifa yake ya mwaka 1924 alieleza habari za Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyekuwa akimwogopa sungura. Sungura aliwekwa ndani ya kizimba, mbali kidogo, wakati Peter akila chakula alichokipenda. Siku hadi siku kizimba kilisogezwa karibu kidogo, sungura akaachiwa chumbani, na mwishowe Peter akamruhusu amng'ateng'ate vidole. Wakati mwingine watoto wengine wasiomwogopa sungura walikuwapo, na Peter akawatazama.

Bara letu nalo lina mchango mkubwa katika habari hii. Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915 na aliyewahudumia wanajeshi wenye majeraha ya nafsi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alifanya majaribio yake kwa paka katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akayageuza kuwa tiba ya binadamu aliyoichapisha kwa ukamilifu mwaka 1958. Mgonjwa alifundishwa kulegeza misuli, kisha akakaribishwa taratibu, kwa kuwaza au kwa kutenda, kwenye orodha ya mambo yanayomtisha kuanzia jepesi hadi zito. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kulegeza misuli huwasaidia baadhi ya watu, lakini kiini cha tiba ni kule kukutana na kinachoogopwa mara nyingi bila kukimbia.

Chukua karatasi, andika hali kumi hivi zinazohusu woga wako, na uipe kila moja alama kutoka 0, ambayo ni utulivu kamili, hadi 100, ambayo ni woga mkubwa kuliko wote unaoweza kuuwaza. Kwangu mimi, kukaa kwenye benchi karibu na kivuko cha Feri nikitazama pantoni ikija na kuondoka kulikuwa na alama 25. Kuingia katika ukumbi wa kusubiri, kusimama katikati ya abiria hadi geti lifunguliwe, kisha kurudi nyuma bila kupanda, alama 40. Kuvuka Jumapili asubuhi pamoja na mume wangu, alama 55. Kuvuka peke yangu siku hiyo hiyo, 70. Kuvuka peke yangu siku ya kazi, 85. Na kurudi saa 12 jioni, watu wamebanana bega kwa bega na bodaboda na mikokoteni ya mizigo, alama 95. Kama pengo kati ya ngazi mbili ni kubwa mno, tafuta hali ya katikati. Kama huwezi kuanza hata ngazi ya kwanza, basi hiyo si ya kwanza, shuka zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja aliyeogopa mbwa alianza kwa kutazama picha katika kitabu.

Sasa inakuja sehemu ambayo watu huikosea, nayo ndiyo ninayotaka uisome polepole. Kupita tu katika kinachokutisha hakutoshi. Michelle Craske na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika makala yao ya mwaka 2014, walieleza kwamba kinachobadilisha ubongo ni tofauti kati ya ulichotarajia kitokee na kilichotokea kweli. Kwa hiyo, kabla ya kila zoezi, andika utabiri wako kwa maneno yanayoweza kuhakikiwa. Usiandike "nitajisikia vibaya", kwa sababu huenda ukajisikia vibaya kweli na usijifunze lolote. Mara ya kwanza nilipovuka peke yangu niliandika: "Tukifika katikati ya mkondo nitapiga kelele, watu watanishika." Niliposhuka Magogoni niliegemea ukuta na kuandika chini yake: "Moyo ulikwenda mbio tangu getini. Mama mwenye ndoo ya dagaa aliniomba nimsogezee mzigo, nikamsogezea. Sikupiga kelele." Nilikuwa bado natetemeka wakati naandika, na kwa kipimo cha utulivu zoezi lile lingehesabiwa kuwa limeshindwa. Kwa kipimo cha utabiri lilikuwa limefaulu sana, na ndicho kipimo ninachokusihi ukitumie.

Angalia pia mikongojo yako, yaani vitu vidogo unavyovifanya ili ujione uko salama. Mimi nilikuwa na chupa ya maji niliyokunywa funda baada ya funda, macho niliyoyafumba, na mikono miwili iliyoshika chuma cha ukingo kwa nguvu hadi viganja vikanuka kutu. Mtu anayeogopa kuongea mbele ya watu hushikilia karatasi na kuisoma neno kwa neno. Ubaya wa mikongojo ni kwamba inajichukulia sifa: ukivuka salama, akili hudai kwamba ni chuma kile kilichokuokoa. Iache mmoja mmoja, kwa mpangilio. Wiki ya nne niliacha chupa nyumbani, wiki ya tano nikavuka nimefumbua macho, na kuachia chuma kukaja mwisho kabisa.

Rudia kila ngazi mara kadhaa, ikiwezekana katika wiki moja, kabla ya kupanda nyingine, kisha ubadilishe mazingira: asubuhi na jioni, jua na mawingu, chini karibu na magari na juu kwenye viti. Majaribio ya Mark Bouton kwa panya wa maabara yalionyesha kwamba woga uliofifishwa katika chumba kimoja hurudi mnyama akihamishiwa kwingine, maana funzo jipya hung'ang'ania mahali lilipopatikana. Mtu aliyezoea lifti ya jengo moja tu la Posta anaweza kuganda mbele ya lifti ya jengo la jirani.

Msaidizi anafaa mwanzoni. Mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwatibu watu waliowaogopa nyoka kupita kiasi, na katika taarifa yao ya mwaka 1969 waliopona zaidi ni wale waliomtazama mtu akimshika nyoka kisha wakasaidiwa hatua kwa hatua kumshika wao wenyewe. Mume wangu alisimama ubavuni pangu katika safari mbili za kwanza, safari ya tatu akasimama upande wa pili wa pantoni, na baada ya hapo akabaki nyumbani. Msaidizi asiyeondoka hugeuka kuwa mkongojo.

Hapa pana mipaka miwili ya kuzingatiwa. Kwanza, ngazi ya woga ni kwa ajili ya hatari iliyokuzwa na akili. Haikutaki upande chombo kilichojaza kupita kiasi, uingie kwenye lifti iliyobandikwa tangazo la ubovu, au umguse mbwa anayejulikana mtaani kwa kuuma. Pili, usimlazimishe mtoto. Nimewaona pale Coco Beach wazazi wakimbeba mtoto anayelia na kumtumbukiza kwenye mawimbi kwa nia njema ya kumkomaza, na mtoto yule anachojifunza ni kwamba bahari inatisha na kwamba mkono anaoutegemea unaweza kumsaliti. Mwache akae mchangani, kisha vidole vyake viguswe na povu, kisha miguu, naye ndiye aseme lini asogee.

Woga wa sindano na damu una kanuni yake. Katika woga mwingi shinikizo la damu hupanda, lakini kwa watu wengi wenye woga huu hupanda kisha likashuka ghafla, na ndiyo maana huzirai. Kuwaambia walegee ni kuwaongezea tatizo. Lars-Göran Öst wa Sweden na wenzake walibuni mbinu iliyo kinyume cha kulegea: kaa kitini, kaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie joto usoni, achia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, rudia mara tano. Fanya mazoezi nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kwenda kuchomwa, mweleze muuguzi kwamba una tabia ya kuzirai ili akulaze, na uuache mkono utakaochomwa ukiwa umelegea. Huyo huyo Öst aliripoti mwaka 1989 kwamba woga wa kitu kimoja mahsusi unaweza kutibiwa katika kikao kimoja kisichozidi saa tatu. Kati ya wagonjwa 20, asilimia 90 walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa. Kikao hicho, hata hivyo, huongozwa na mtaalamu. Anayejifanyia nyumbani aende polepole.

Mazoea yasiyoomba ruhusa

Zoea hutofautiana na woga kwa jambo moja kubwa: halitangazi ujio wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, David Neal, Wendy Wood na wenzao waliwapa watazamaji wa sinema bisi mpya za siku hiyo na nyingine zilizokaa siku saba. Waliozoea kula bisi sinemani walikula zilizochina karibu sawa na zile nzuri, ingawa walikiri hawakuzipenda. Watu wa namna hiyo hiyo walipopewa bisi zilizochina katika chumba cha mikutano walizila kidogo kuliko nzuri, na hata sinemani kwenyewe, walipoambiwa watumie mkono wasiouzoea, walipunguza. Kilichokuwa kinakula, ukipenda kusema hivyo, ni mahali pamoja na mkono, wala si njaa. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuacha zoea ashughulike kwanza na mahali, saa na mkono, kabla ya kuomba msaada wa nia.

Mdogo wangu, fundi simu wa Kariakoo, ameniruhusu nieleze habari zake. Alikuwa akibeti kwa simu kila Jumamosi, na mara nyingi kipato cha wiki nzima kilikwisha kabla ya Jumapili. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio unaotabirika huzaa tabia ngumu zaidi kufifia kuliko zawadi inayokuja kila mara, na mkeka umejengwa juu ya msingi huo huo: unachanika, unachanika, kisha siku moja unatiki, na siku hiyo moja hukumbukwa kuliko zote. Daftari la mdogo wangu lilionyesha mlolongo usiobadilika. Alifunga kibanda saa 11 jioni akiwa na fedha taslimu mfukoni, akaenda kibanda umiza kutazama mpira na wenzake, mmoja akatoa simu kuonyesha mkeka wake, naye akatoa ya kwake. Hakuwahi kubeti akiwa nyumbani kwa mama.

Tulichofanya kwanza ni kuukata mlolongo katika viungo vyake. Alifuta programu ya kubeti, akazuia ujumbe wa matangazo, na akakubaliana na mama kwamba Jumamosi, kabla hajafunga kibanda, fedha zote isipokuwa nauli na za chakula zitumwe kwake kwa ajili ya hisa za kikoba. Hatua hizi hazizuii mtu aliyekusudia kubeti. Zinamwongezea dakika tatu nne za kazi, na zoea halivumilii dakika tatu.

Kisha aliandika mipango ya "ikiwa" na "basi". Peter Gollwitzer wa Ujerumani aliieleza mbinu hii katika makala ya mwaka 1999, na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya tafiti 94 na kukuta kwamba kuifunga nia kwenye saa na mahali mahsusi huongeza kwa kiasi cha kutosha uwezekano wa kuitimiza. Siri yake ni kwamba uamuzi hufanyika mapema, akili ikiwa imetulia. Mpango mmoja ulisema: "Ikiwa mwenzangu atanionyesha mkeka, basi nitamwambia mimi leo natazama mpira tu, na nitaagiza chai." Zingatia kwamba sentensi ile haisemi "basi sitabeti". Tafiti zimeonyesha kwamba mpango wa kukanusha hausaidii na wakati mwingine huliimarisha zoea, kwa kuwa unaliacha pengo bila kitu cha kulijaza. Andika utakachofanya. Kisha kisome kwa sauti, ujione akilini ukiwa mahali penyewe, konda akiita, mwenzio akitoa simu, nawe ukitenda ulichokiandika.

Kwa mazoea ya mwili, kama kung'ata kucha, kunyofoa nywele au kuguguna midomo, ipo mbinu ya Nathan Azrin na Gregory Nunn ya mwaka 1973 ambayo bado inatumika duniani kote. Inaanza kwa kuzitambua dalili za mwanzo kabisa. Binti mmoja wa kidato cha pili aligundua kwamba kabla ya kung'ata kucha alikuwa akizipapasa kwa kidole gumba, akitafuta penye mparuzo. Alipoipata dalili hiyo tulichagua tendo pinzani, yaani tendo ambalo mkono hauwezi kulifanya na papo hapo ukafika mdomoni: alikunja ngumi taratibu au akashika kalamu kwa dakika moja hadi tatu, kila alipojikuta akipapasa. Hata jirani yake wa dawati hakujua. Mama yake alinunua tupa ya kucha ya kuweka ndani ya mkoba, kwa sababu mparuzo ukiondolewa, mwaliko unaondoka nao.

Itachukua muda gani? Mtaani utasikia siku 21, na hesabu hiyo imetokana na maneno ya daktari wa upasuaji Maxwell Maltz katika kitabu chake cha mwaka 1960, aliyezungumzia muda wa chini wa siku kama 21 ambao wagonjwa wake walihitaji ili kuzoea sura zao mpya; hakupima mazoea. Waliopima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya watu 96 waliojifunza tendo jipya la kila siku kwa wiki 12: tendo lilichukua wastani wa siku 66 hadi kuwa la kawaida, lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilianzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kunywa glasi ya maji huwa zoea haraka kuliko mazoezi ya viungo. Kwa hiyo jipe miezi mitatu kwa jambo la wastani, na usijipime kwa jirani yako.

Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wengi wakianguka katika shimo la pili, ambalo Alan Marlatt aliyewatibu walevi alilieleza kwa kina: mtu akiteleza mara moja hujiambia kwamba yote yamekwisha, na hukumu hiyo ndiyo inayomrudisha moja kwa moja alikotoka. Mdogo wangu aliteleza wiki ya sita, akapoteza shilingi 10,000. Badala ya kumkemea nilimwomba afungue daftari, na tukakuta kwamba wiki ile alipokea malipo ya kazi kubwa siku ya Ijumaa, siku ambayo mpango wake haukuigusa. Akaongeza sentensi moja.

Yako mambo ambayo daftari na ngazi havitoshi. Kama woga umetokana na ukatili, ubakaji au ajali mbaya na unakuletea ndoto na taswira zake, kama huwezi kutoka nyumbani au kulala, kama umewaza kujidhuru, au kama zoea limekuwa uraibu wa dawa za kulevya, nenda ukaonane na wataalamu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianzia hapo mwaka 2011. Mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla peke yake, kwa sababu mwili unaweza kuingia katika mtetemeko, kuchanganyikiwa na degedege linaloweza kuua. Kwa hayo, kwenda hospitali ndiyo ngazi ya kwanza.

Na kwa wale ambao woga utarudi baada ya kupona, warejee habari za Peter. Katikati ya tiba aliugua homa nyekundu akalazwa karibu miezi miwili, na siku ya kutoka hospitali mbwa mkubwa akamrukia yeye na muuguzi wake. Woga wa sungura ulirudi karibu kama mwanzo. Mary Cover Jones hakukata tamaa. Hapo ndipo alipoanza kutumia chakula: Peter akila, kizimba kiliwekwa mbali, kikasogezwa kidogo kidogo, na Peter akapona. Mwaka jana nilikaa wiki saba bila kuvuka kwa sababu ya ugonjwa nyumbani, na niliporudi kituoni, konda alipoita, tumbo lilikaza kama zamani. Nilikwenda Feri, nikakaa kwenye benchi lile la alama 25, nikaandika utabiri wangu, nikatazama pantoni mbili zikiondoka. Ya tatu nilipanda.